Majivu ya Dungu Niliyoyaita Chokaa

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Simu ilikuwa yangu, na kimbelembele pia kilikuwa changu.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha mapema, nikabaki na udadisi tu. Msimu huu nilikuwa kibarua wa mpunga Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, kipindupindu kikaingia. Kila mtu akawa analitazama tumbo la jirani yake.

Kuna mama anayeuza vitumbua karibu na kituo cha treni. Kila alfajiri nilimwona akipeleka ndoo iliyofunikwa shambani kwake, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia ndege. Siku moja nikamfuata. Chini ya kila nguzo kumemwagwa unga mweupe, na juu kuna mtu anaguna.

Chokaa hiyo, nikajisemea, kama ya kambi ya wagonjwa. Nikarekodi, nikaandika: "Muuza vitumbua amemficha mgonjwa wa kipindupindu dunguni." Nikatuma kwenye makundi yote. Mchana video ilishafika Mlimba, stesheni za mbele huko, nami natembea nacheka peke yangu, najiona mtangazaji wa taifa.

Bwana afya akaja na pikipiki, nusu ya mtaa nyuma yake. Akapanda ngazi. Mume wa yule mama akaamka, akauliza, "Ndege wameingia?"

"Wewe ndiye mgonjwa?"

"Naumwa njaa. Mke wangu kachelewa na uji."

Na chokaa? Majivu. Walinzi wa ndege huku bondeni huyamwaga ili siafu wasiwapandie usingizini. Wenyeji wanajua, ila hofu iliwasahaulisha. Mimi, mdadisi mkubwa, sikuuliza.

Nikatuma video ya kuomba radhi. Hakuna aliyeisambaza. Benchi la mama likawa tupu, vitumbua vya moto vikaliwa na bata. Nikashindwa kuvumilia, nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupiga picha au kula?"

"Kuomba msamaha."

"Msamaha hauniuzii vitumbua. Nawa mikono, kaa hapo mbele, kula watu wakuone. Kesho wakikukuta unadunda, watarudi."

Nikala. Kesho yake nikala tena. Bodaboda wakasimama kunitazama kama mechi.

"Vipi, tumbo limetulia?"

"Limetulia."

"Ngoja jioni."

Mama alicheka mpaka upawa ukamponyoka, na mimi nikacheka mdomo umejaa. Bodaboda mmoja akaona bado niko hai, akanunua. Taratibu, wateja wa mtaani wakarudi.

Halafu treni ikasimama. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono dirishani kununua, akamtazama mama, akaurudisha. "Si huyu wa chokaa?" Madirisha ya behewa zima yakafungwa.

Nikakimbia kando ya treni, kitumbua mdomoni, nikipiga kelele kwamba ni majivu, jamani, ni majivu. Walidhani nimerukwa na akili. Treni ikaondoka. Niliporudi, mama alikuwa anageuza vitumbua.

Ndugu yangu mwenye simu, ugonjwa ukiingia kwenu, uliza kabla hujarekodi. Swali moja kwa yule mzee dunguni lingetosha. Mimi sasa suruali hainifungi, na bado nakula kila asubuhi, maana treni ya kesho nayo inaleta watu walioiona ile video.