Kongwe la Kisima cha Chinongwe

Sisi wanawake wa Chinongwe tumelelewa kufagia mpaka udongo ung'ae. Jani likibaki uani, mwenye nyumba mvivu, basi. Hata kisima kilifagiwa, kingo zikakwanguliwa kwa jembe, halafu kila masika mchanga ukaporomoka ndani, watu wakanywa tope. Aliyechoka ni mmoja tu: mama yangu mkubwa, Swaumu.

Kisima kilikuwa shambani kwake, chini ya miti mikubwa. Shamba alipewa na mjomba wake, mzee Lukumani, maana kwetu ardhi hufuata upande wa mama na msemaji ni mjomba. Mwaka 1951, mumewe Halfani akiwa Nachingwea kwenye kazi ya karanga za Wazungu, Swaumu alikata vipande vya kongwe, yale majani yanayotambaa kivulini na kutoa maua ya buluu, akavichomeka kingoni kote. Kiangazi akayamwagia maji aliyooshea vyombo. Ncha zikirefuka alizichuma mboga, nayo yakazidi kutanda. Mbuzi waliosogea walimjua.

Mdogo wake, Zaina, ndiye aliyepeleka maneno kwa mjomba. Ni mama yangu mzazi, lakini simfichi: alilitaka lile shamba.

"Dada anafuga magugu, Mjomba. Nyoka wakituuma je?"

Mzee akaja, akapekua kwa fimbo. "Swaumu, umechoka kulima?"

"Kulima sijachoka, Mjomba. Nimechoka kunywa tope."

"Masika haya kisima kikifukiwa tena, shamba namkabidhi Zaina."

"Na kisipofukiwa, yeye atateka kwa uso gani?"

Mvua ya mwaka ule haikuwa na adabu. Ilibomoa hata jiko la mama yangu. Kulipokucha watu wakashuka kisimani. Njia yote tope tupu, lakini kingo zimesimama, kongwe limeukamata udongo, na maji meupe mpaka changarawe za chini unaziona. Mzee Lukumani akachota kwa kata, akanywa, akachota tena.

"Shamba ni la Swaumu," alisema. "Jembe lisiguse hapa."

Mama mkubwa alisimama kifua mbele machoni pa kijiji kizima, wala hakujifanya mnyenyekevu. Kwa nini ajifanye?

Baadaye wanawake wa Narung'ombe walikuja kuomba vipande. Aliwagawia, akawaambia wapande kivulini na ufagio wauache nyumbani. Mmoja akauliza kama hayo si magugu. Huyo alirudi kwao mikono mitupu.