Fundi Aliyewakimbia Popo

Jumatatu mchana nilikuwa Matinyani nikingoja mahindi ya mwenyeji wangu yasagwe, simu ikalia, na kwa ajili ya mngurumo wa kinu ikabidi nitoke nje ndipo nisikie. Alikuwa dada ya rafiki yangu, yule fundi wa simu na redio aliyekuwa na kibanda soko la Kasikeu. Aliniambia ndugu yake ameaga. Alikuwa ameshuka shambani huko kwao Mbooni, saa nne asubuhi, akaanguka kwenye matuta na kichwa kikagonga jiwe. Nilimpa pole kama tunavyopeana sisi sote, haraka na bila kufikiri. Yeye hakulia. Aliniuliza, "Ile kitu ulimwambia siku ile ulikuja hapa, ilikuwa ya ukweli ama ulikuwa unamfariji tu?" Nikajibu ni ya ukweli. Kisha akasema, "Basi Jumamosi utakuja uiseme mbele ya watu. Wa Kasikeu wanakuja, na wote wanajua nazika mtu alirukwa na akili."

Tangu saa hiyo ninaogopa. Wanaosoma safu hii wanajua nimelala kwenye vituo vya mafuta, nimechimba mchanga mitoni, nimefukuzwa kazi katika miji ambayo sikumbuki tena majina ya mitaa yake, na sikuwahi kujisifu kwa ujasiri lakini pia sikuwahi kuogopa kushika kalamu. Leo naogopa. Kitu chenyewe ni hiki: nilimharibia rafiki yangu kazi ya miezi minane, nikanyamaza, naye akaamini kwamba ameiharibu mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa gemu. Najua wengine mtacheka, mzee mzima na gemu, kwa hivyo nieleze. Nyuma ya kibanda chake, baada ya meza ya kutengenezea simu, alikuwa na televisheni ya zamani na mashine ya kuchezea ambayo mteja mmoja aliileta ikiwa imekufa na hakurudi kuichukua. Ndani yake mlikuwa na gemu ya safari. Unamwongoza mtu mmoja kupita misitu na mapango, na kila akiua kiumbe njiani anapata pointi, pointi zikifika kiasi fulani anapanda leveli, na kila leveli inamwongezea nguvu. Kila mtu huicheza hivyo. Unaua wadogo, unanenepa, halafu unaenda kuwaua wakubwa. Fundi wangu hakutaka kupanda hata leveli moja. Maadui wakubwa, wale wa lazima, hawakuwa wakitoa pointi, kwa hivyo hao alipigana nao. Wale wadogo wa njiani ndio waliokuwa wakitoa, kwa hivyo hao aliwakimbia. Nilifika Kasikeu wakati wa kuvuna ndengu, natafuta kazi ya kubeba magunia, akanikaribisha nikae kwake, na jambo la kwanza nililoliona ni mtu mzima mwenye mvi anamkimbia popo.

"Mbona unakimbia kitu kidogo hivyo?" nilimuuliza.

"Hicho kidogo ndicho kitaniharibia," akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Kubwa halina shida. Kubwa nalijua."

Mteja mmoja, mama wa kuuza nguo, akadakia kutoka mbele, "Fundi, wewe unaogopa hata gemu? Na simu yangu je, nayo unaiogopa?"

"Simu yako ni ya kuogopwa, mama. Imejaa unga wa mandazi."

Walicheka, nami nikacheka, lakini nilipoketi nikamtazama akipigana na mmoja wa wale wakubwa, kicheko kiliniisha. Mtu wake alikuwa na uhai kidogo mno, pigo moja tu lilitosha kumwangusha. Yule mkubwa alikuwa akitupa mapigo bila kupumzika. Fundi alikuwa ameyajifunza yote, lipi linakuja baada ya lipi, anasogea hatua moja kushoto, anangoja, anapiga mara moja, anarudi nyuma. Saa nzima. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Mimi niliyekuwa nimeketi tu nilishika ubao wa benchi mpaka vidole vikauma, kwa sababu nilikuwa najua kosa moja lingemrudisha mwanzo wa pango. Sijawahi kuogopa hivyo kwa ajili ya mtu wa kwenye kioo, ambaye hayupo duniani.

Sikumuuliza kwa nini anacheza hivyo. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu, nimeacha shule darasa la saba na tangu hapo elimu yangu yote ni ya kuuliza watu barabarani, lakini hilo sikuuliza, kwa sababu nilidhani nimeshalielewa. Nilidhani ni mwoga, au hajui, au mkono wake ni mzito. Mchana mmoja akaenda kumpelekea mteja redio ng'ambo ya soko, akaniachia kibanda. Gemu ilikuwa imewashwa, mtu wake amesimama mlangoni mwa pango. Nikaichukua padi, kidude cha mkononi cha kuongozea gemu. Nilikuwa nimemwambia siku ya kwanza kwamba sijui hata kuishika, na ilikuwa kweli, ila kwa kutazama tu nilikuwa nimejifunza. Popo watatu wakaja. Nikawaua wote kwa fimbo ya yule mtu wake. Ikalia sauti ya tarumbeta, taa zikamzunguka mtu wake, na penye namba moja ikaandikwa mbili. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama mtu aliyemfulia mwenyeji wake nguo bila kuambiwa. Nikahifadhi, kama nilivyokuwa nikimwona akifanya kila akimaliza, na kadi yake ya kuhifadhia ilikuwa mbovu, imebaki na nafasi moja tu, kwa hivyo nilichohifadhi kilifuta cha zamani. Nikazima mashine. Aliporudi kulikuwa na wateja, tukasahau.

Asubuhi yake aliiwasha akiwa na kikombe cha chai. Nilimwona akikiweka kikombe chini polepole. Aliitazama ile namba mbili kwa muda mrefu, kisha akaitazama mikono yake, upande huu na upande huu.

"Jana nilicheza baada ya kurudi?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Nikasema, "Sijui. Sikuwa naangalia."

Ndipo akaniambia. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka paa la nyumba ya mtu akifunga paneli ya sola. Mifupa ilipona, lakini tangu hapo alikuwa akizima. Dakika moja, mbili, macho yamefunguka, mkono umeshika kitu, na yeye hayupo. Akirudi hajui kama aliondoka. Hospitali walimpa vidonge, kanisani walimwombea, vyote akavipokea. Lakini yeye alitaka kujua kwa njia yake mwenyewe kama kichwa bado ni chake. "Ukiwa na nguvu kwenye gemu unaweza kulala na bado ushinde," aliniambia. "Ukiwa leveli moja, ni kichwa tu. Nikisema nitamaliza hii kitu bila kupanda, na nimalize, basi nitajua sijapotea." Miezi minane hakuwa amekosea. "Na sasa ona. Nimeua kitu na sikumbuki kuua. Mikono imefanya bila mimi."

Wasomaji wangu, mnadhani hapo ndipo nilipopaswa kusema, na mnadhani sawa. Nilifungua mdomo. Lakini nilimwangalia uso, nikaona jinsi hofu ilivyomkalia, nikaogopa kuwa mimi ndiye niliyeiweka pale. Kabla hajanieleza ningekuwa nimevunja mchezo tu. Baada ya kunieleza nilikuwa nimevunja kitu ambacho sikuwa na jina lake. Nikajiambia kesho. Siku iliyofuata mama wa nguo alileta simu nyingine, na fundi akamwambia mwenyewe, kwa uaminifu wake ule wa kutisha, "Mama, nenda kwa yule kijana wa stejini. Kichwa changu siku hizi hakikai. Naweza kukuharibia." Akamwambia huyu, akamwambia yule. Sokoni neno kama hilo halihitaji kusukumwa. Kabla mwezi haujaisha watu walikuwa wakipita mbele ya kibanda wakiongea kwa sauti ya chini, kama mnavyopita mbele ya nyumba ya mgonjwa, na dada yake akaja akamchukua kwenda Mbooni pamoja na vyombo vyake. Mimi nilisaidia kuvibeba. Nilibeba ile televisheni kwa mikono yangu mpaka kwenye gari, bado sijasema.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kumwona mtu asiyepanda kulinisumbua mpaka nikamwekea mkono bila ruhusa. Huku kwetu ukikutana na mtu mliyepotezana, baada ya salamu swali ni moja, siku hizi umefika wapi. Mimi naulizwa hivyo kila mji ninaoingia, na nachukia, na bado nilikuwa na swali hilo hilo tumboni nilipomwangalia yeye. Tunamwona mtu dhaifu tunadhani amekwama, tunamsukuma. Hatudhani kwamba huenda ameupima udhaifu wake kuliko sisi tulivyowahi kupima nguvu zetu, na kwamba anajua kila jiwe la njia kwa sababu hana uwezo wa kujikwaa hata mara moja. Mwenye nguvu anaweza kuishi bila kujua mengi. Huyu hakuweza, kwa hivyo alijua. Wateja wake wote wa Kasikeu walinufaika na kujua huko, na sijasikia mmoja wao akisema aliwahi kurudishiwa simu mbovu kuliko alivyoileta.

Nilichukua miezi mitano kupanda Mbooni kutoka Kitui, nilikokuwa nimehamia. Nilipanda kwa miguu kutoka barabarani, nikisimama kila kona, si kwa sababu ya mlima. Nilimkuta barazani na dada yake wakichambua maharagwe. Alikuwa amenenepa kidogo. Mashine ilikuwa ndani, imefunikwa leso, hakuwa ameigusa. Nikasema kabla sijapewa hata maji. Nikasema yote, popo, fimbo, tarumbeta, kuhifadhi.

Akaendelea kuchambua. "Walikuwa wangapi?"

"Watatu."

"Wa rangi gani?"

"Wekundu."

"Hao umeniona nikiwakimbia mara mia. Hata huyu dada yangu anawajua." Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo sitaisahau. "Umetoka Kitui yote hiyo kuja kunidanganya ndio nipone? Asante, rafiki yangu. Lakini usinifanyie hivyo. Nikianza kudanganywa na watu wazuri nitashika wapi?"

Nikaapa. Nikataja jina la mamangu. Alikuwa anataka kujibu, ameinua harage moja kati ya vidole, na akazima. Sikuwa nimewahi kumwona akizima. Macho yalikuwa wazi, yananitazama, na ndani hamkuwa na mtu. Kuku alipita juu ya mguu wake. Dada yake alimshika bega tu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ngoja, atarudi." Mimi nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi, na miguu ilikuwa inataka kukimbia.

Akarudi. Akaliweka harage kwenye sinia. Akatabasamu kama ndiyo kwanza ananiona, na kwa kweli ndiyo kwanza alikuwa ananiona. "Karibu, msafiri! Umefika saa hizi? Tulikuwa tunasema nini?"

Dada yake alinigeukia, akangoja. Nafasi ilikuwa imerudi nzima, kama haikuwahi kutumiwa. Ningeweza kuanza kwa njia nyingine, kumwashia ile mashine, kumwonyesha mikono yangu ikifanya. Nikasema, "Habari ya mvua." Akasema mvua mwaka huu ni ya kubahatisha. Tukanywa chai. Nikashuka.

Jumamosi nitapanda tena, na safari hii hatanijibu. Nimeandika haya mapema kwa sababu sijiamini. Naogopa nikisimama mbele ya jeneza, dada yake akinitazama vile, mdomo utasema habari ya mvua. Kwa hivyo watu wa Kasikeu, mnaosoma gazeti hili kwa kinyozi au mnaosomewa, mama wa nguo, kijana wa stejini, nyote mliopita mbele ya kibanda kwa sauti ya chini: ni kweli alikuwa anazima, na mwisho ndiko kulikomuua. Lakini siku ile hakukosea. Mikono yake haikufanya kitu bila yeye. Alikwenda miezi minane na mtu wa leveli moja na hakukosea hata mara moja, na aliyekosea alikuwa mgeni aliyekula kwake, ambaye sasa anajua kwamba ukigusa cha mtu unapaswa kumwambia siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kujitazama mikono. Kama nitashindwa kusema Jumamosi, mmoja wenu asimame na gazeti hili anisomee, nami nitainua mkono.