Sabuni ya Wageni

Shule nzima ilimwita Mwalimu Sabuni, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha afya na maadili, na sasa alikimezea mate kiti cha mwalimu mkuu msaidizi. Kiti kilikuwa kitupu tangu mwaka jana. Kilichobaki ni mkaguzi aje, aone, aridhike.

Sabuni yenyewe ilikuwa moja tu. Ilikaa kwenye kabati la ofisi, ndani ya karatasi yake, chini ya kufuli. Wageni wakija ilitolewa, ikapigwa picha kando ya ndoo yenye koki, ikarudi. Watoto, Mungu awape nini tena, walifundishwa kunawa kwa wimbo: viganja, katikati ya vidole, kucha, suuza, kung'uta. Hewani! Walikuwa mabingwa. Sijui shule nyingine yenye watoto wanaonawa vizuri hivyo huku mikono yao ikiwa michafu kiasi kile.

Ukutani mwa darasa lake palikuwa na chati ya ukweli. Aliyesema kweli alibandikiwa nyota. Aliyedanganya aliibandua mwenyewe mbele ya wenzake. Nyota ya mwalimu ilikuwa juu kabisa, kubwa kuliko zote. Alijibandikia mwenyewe, eti awe mfano.

Basi mkaguzi akaja, mama mmoja mpole mwenye daftari jeusi. Watoto wakaimba, mwalimu mkuu akachekelea mpaka jino la mwisho. Mkaguzi naye akafurahi, akatoa paketi za biskuti mkobani.

"Haya wanangu, kanaweni kwanza, mje mle."

Ndoo ilikuwa imejaa, sabuni iko kwenye kisahani, bado ndani ya karatasi yake. Mtoto wa kwanza akasimama mbele ya ndoo, akanawa hewani hatua zote tano, akakung'uta matone ambayo hayakuwepo, akachukua biskuti. Wa pili vivyo hivyo. Mwalimu Sabuni akakonyeza, akakohoa, akaonyesha koki kwa kidevu. Watoto wakadhani anawahimiza, wakaongeza bidii. Arobaini wote wakapita hivyo hivyo.

Mkaguzi akamshika bega binti wa mwisho, kimbaumbau wa dawati la mbele. "Mbona hukugusa maji, mwanangu?"

Mtoto akaitazama chati, kisha mwalimu. "Sabuni ni ya wageni, mama."

"Kweli, mwalimu?"

Mwalimu akakiona kile kiti, na mto wake. "Aa, huyu! Huyu anapenda sana kutunga hadithi."

Mwalimu mkuu akaangua kicheko. Mkaguzi akaandika neno moja, akafunga daftari.

Mtoto hakulia. Sheria aliijua. Akaenda kwenye chati, akabandua nyota yake polepole kwa ukucha isije ikachanika. Halafu akainua macho, akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono, wapi.

"Yako iko juu, mwalimu," akasema, bila ujeuri wowote. "Siifikii."

Mwalimu aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Darasa zima lilikuwa linamsubiri, maana ndivyo alivyowafundisha. Akavuta kiti, cha mbao, si kile, akapanda, akaibandua nyota yake. Alipoteremka, mkaguzi alikuwa amelifungua tena daftari. Mwalimu hakumtazama. Alikwenda kwenye kisahani, akaanza kuichana ile karatasi ya sabuni.