Sufuria Juu ya Dohani

Mama mkubwa hakuwa mtu wa kuambiwa nyumba yake inanuka. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa pasi na mikunjo iliyonyooka. Ukikaa kwake na kifungo kimelegea, unaondoka kimekazwa, utake usitake. Naishi naye tangu mumewe, marehemu baba mkubwa, alipotutoka, kwa hiyo nasema ninayoyajua.

Lakini nyumba ilinuka. Mvua zilipoanza tu, dohani ya sebuleni, ile ya meko ya kuotea moto, ikaanza kutoa harufu ya majivu mabichi na soksi. Mama mkubwa akaweka maganda ya ndimu. Ikanuka majivu, soksi na ndimu. Akaweka bakuli la siki, akapulizia na manukato. Mteja mmoja akaja kuchukua sare, akavuta pumzi, akasema atasubiri nje. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Mwanawe mkubwa ni karani wa benki. Sisi tunamwita Bosi, maana haulizi, huamrisha tu. Akaja akasimama mlangoni na leso puani.

"Mama, umezeeka. Hata pua imestaafu."

"Pua yangu nzima. Ndiyo iliyonusa nepi zako."

"Jumapili nakuja. Nikikuta harufu hii, tunafunga nyumba, unahamia kwangu."

Kwake kuna chumba cha wageni chenye zulia jeupe. Cherehani hairuhusiwi, eti ina kelele. Mama mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akarudi kwenye kazi yake, akashona mfuko wa suruali mgongoni mwa shati. Hapo nikajua ameogopa. Nami nilichukia, potelea mbali Bosi na zulia lake! Nikamwita fundi wa mabati.

Fundi akapanda paani, akachungulia dohani, akapiga kelele huko huko juu.

"Mama! Mvua yote inaingia humu! Masizi yamelowa chepechepe. Kifuniko kimekwenda wapi?"

"Kifuniko gani? Hakijawahi kuwepo kifuniko."

"Mbona nyaya zake hizi hapa? Zimekatika. Upepo umekibeba."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapekua magugu. Ilikuwa sufuria. Kubwa, nyeusi tii kwa ndani, imetobolewa ukingoni kupitishia waya. Chini ya sikio palikuwa na doa la rangi nyekundu ya kucha, ile anayotia mama mkubwa kwenye vyombo vyake vyote visipotelee kwenye shughuli za watu.

Sasa hapa lazima nieleze. Sufuria hiyo ilipotea zamani, baada ya shughuli kwa jirani yetu, Mama Pacha. Mama mkubwa akamwita mwizi mbele za watu, na tangu siku hiyo salamu zikaisha. Wakikutana sokoni, kila mmoja anageukia nyanya. Na kila mama mkubwa alipoanza kumsema Mama Pacha, baba mkubwa alichukua ngazi akapanda paani. Tulidhani anakimbia kelele. Mkewe alimwita mvivu, na mtaa mzima ukaafiki.

"Niirudishe hii au nitengeneze kipya?" fundi akauliza.

Mama mkubwa akaibeba sufuria, akavuka njia, akabisha kwa Mama Pacha. Nikamfuata mbio, maana lazima awepo wa kuamulia.

Mama Pacha akafungua mlango, akaitazama sufuria.

"Kumbe imeanguka," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa naiona kila siku nikiosha vyombo. Dirisha langu si lile pale?"

"Na ukanyamaza, ukaitwa mwizi?"

"Mumeo aliniomba. Alisema harufu ya masizi inakubana kifua, na wewe ukijua utaishusha upikie. Nikamwambia haya. Halafu, jirani, ulikuwa hunisemeshi. Ningekwambia saa ngapi?"

Mama mkubwa akakaa pale pale kizingitini. Akapitisha kidole kwenye tundu la waya.

"Ameitoboa," akasema, na machozi yakaanza. "Mwanaume yule ameitoboa sufuria yangu."

Akalia kilio ambacho hakukilia hata mazikoni. Mama Pacha akakaa naye, akaishika sufuria upande wa pili.

"Nisamehe, jirani," mama mkubwa akasema.

"Yameisha. Futa pua."

Mimi niliyekwenda kuamulia nikabaki nimesimama tu.

Jumapili Bosi akaja na gari la kubebea mizigo. Fundi alikuwa amekwisha kwangua masizi, na sufuria iko juu kwa waya mpya, mvua inaigonga tunaisikia hadi sebuleni. Kwenye kiti anachokipenda Bosi alikuwa amekaa Mama Pacha, anakunja sare. Bosi akanusa meko, akanusa mapazia, akainama akanusa hadi chini ya kochi.

"Mama, umefanyaje?"

"Mimi sikufanya kitu," mama mkubwa akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Alishafanya baba yako. Hebu sogea hapa, kifungo chako kimelegea."