Machozi ya Camille

Sipendi kusimulia habari hii, maana kila nikiisimulia najichukia mwenyewe.

Camille alikuwa fundi wa mabomba katika kampuni ya madini hapa Likasi. Mwaka 1968 aliamka uso umelegea upande wa kushoto: jicho halifumbiki, chai inamtoka mdomoni. Mimi, muuguzi wa mtaa wao, nilimhudumia hadi uso ukarudi. Ikabaki kasoro moja. Kila alipotafuna, jicho lile lilitokwa na machozi. Mkewe, Berthe, alimfuta kwa kitenge na kuendelea kula.

Mwaka uliofuata homa ikamchukua Berthe. Kaburini Camille alisimama macho makavu, huzuni imemkausha. Kaka zake Berthe kutoka Kapolowe walichukizwa. Wakasema mume asiye na uchungu hawezi kuachiwa mtoto. Anne, binti wa marehemu mwenye miaka minne, wataondoka naye.

Kwenye matanga tukaletewa bukari, ugali wa huku, na kuku, tule sahani moja. Camille akala tonge, jicho likamwaga machozi. Nicolas, kaka mkubwa, akalainika, mafuta yakimng'aa kidevuni.

"Shemeki iko analia. Alimupenda dada yetu. Mutoto abakie na baba yake."

Camille akainama, akaendelea kutafuna. Ndipo mdogo wao, Philippe, akauondoa mkono sahanini.

"Machozi inaanguka mu mboga! Ile jicho iko na bugonjwa gani? Itatuambukiza?"

Mdomo wangu ukawasha. Nikaanza kujionyesha.

"Haiambukize. Mushipa wa uso unatoka ku bongo, unapita mu mufupa nyuma ya sikio, unagawanyika: kipaji cha uso, jicho, shavu, mudomo, shingo. Unatuma na mate, na machozi. Ya Camille iliharibika, ikaota tena, lakini uzi wa mate ukaenda ku machozi. Ni kama courant, umeme ya kutoka Mwadingusha: unawasha taa ya jikoni, inawaka ya chumbani. Akikula, jicho inalia."

Nikatabasamu, mjinga mimi. Nicolas aliacha kutafuna.

"Munganga, hii machozi ni ya kuku?"

Camille alikuwa akinitikisia kichwa. Nilikuwa nimechelewa kumwona.

"Basi dada yetu hajaliliwa," Nicolas alisema, akanawa mikono.

Kabla ya saa kumi Anne alipakiwa kwenye lori la Kapolowe akimwita baba yake. Camille alilikimbilia mpaka njia panda, akaanguka magotini, akalia kwa macho yote mawili. Aliyebaki kumwona ni mimi peke yangu.