Kitanda Juu ya Msingi

Bimdogo alikuwa fundi cherehani pale Buzuruga, mjane aliyeishi miaka mingi katika chumba cha kupanga. Kiwanja chake cha Buswelu kilibaki na magugu tangu fundi mmoja alipopokea fedha yote ya ujenzi kwa mkupuo, akamwaga tripu moja ya mchanga, akahamia kusikojulikana. Sasa alikuwa amekusanya tena. Fedha hii ikipotea hakuna nyingine. Angezeekea kwenye chumba cha watu.

Ndiyo maana Fundi Zadok, mtu wa Musoma mwenye kicheko kikubwa, alipokuja dukani kuomba nusu ya ujira kabla ya kuanza, Bimdogo hakuinua hata macho.

"Sitoi hata senti kabla ya kazi."

"Mama, na hilo tangazo hapo juu ya kichwa chako linasemaje?"

Najat, rafiki yake aliyekuwa akishona vifungo, aligeuka akalisoma kwa sauti: "'Lipa nusu kwanza. Maneno baadaye.'" Akacheka mpaka akadondosha sindano.

Bimdogo naye akashindwa kujizuia. "Ile nusu ni ya uzi na zipu, Fundi! Saruji, mawe na mchanga nanunua mwenyewe. Wewe unaleta mikono tu."

"Mikono inakula, Mama. Vijana wangu wabebe mawe na njaa?"

Hapo alisema kweli, na mtu mwadilifu akiambiwa kweli haoni haya kurudi nyuma. Anayemnyima kibarua chakula kwa kuogopa kuibiwa, yeye mwenyewe ameshaiba. Wakakubaliana: chakula cha mchana kitatoka kwa Bimdogo kila siku ya kazi. Ujira utalipwa kwa hatua, kuanzia msingi, kisha kuta, kisha paa, na kila hatua italipwa palepale ikishapimwa.

"Itapimwa na nani?"

"Na mimi. Gauni halitoki hapa mwenyewe hajalivaa. Na nyumba nitaivaa."

Zadok akampa mkono, akidhani ni utani.

Msingi ulipokamilika, Bimdogo alipanda kilimani Buswelu na Najat na wanawake wa kikundi chao, nyuma yao guta limebeba kitanda chake cha mninga. Vijana wakaacha makoleo, wakaduwaa. Wanawake wakakitua kitanda ndani ya mawe yaliyozunguka chumba kikubwa, Bimdogo akajilaza na mtandio wake. Kati ya kitanda na mahali pa mlango hapakuwa na nafasi hata ya mtu kupita kiubavu.

"Fundi, gauni linabana kwapani."

Wanawake wakaangua kicheko. Zadok hakucheka. Angeweza kudai kwamba kitanda ni kikubwa mno, wengi wangedai.

"Ni lile jabali, Mama," alisema, akionyesha jiwe lililochomoza nyuma ya msingi. "Nililikwepa, nikavuta ukuta ndani bila kukuambia. Nimekosea. Hatua haijaisha, usilipe."

Vijana wakalundika kuni kulizunguka jabali, wakachochea moto hadi jiwe likawaka joto, kisha wakalimwagia maji ndoo baada ya ndoo. Likapasuka kwa mlio uliowatoa majirani nje. Vigelegele vikafuata, kana kwamba bibi harusi ameingia.

Zadok aliusogeza msingi bila kudai nyongeza, na kitanda kikarudishwa. Bimdogo akajilaza, akajigeuza kulia na kushoto, huku Najat akikizunguka kitanda kwa kucheza, mikono kiunoni, asiguse jiwe hata moja.

"Chumba kimekukaa, Mama?"

"Kimenikaa, Fundi."

Akaketi, akamhesabia ujira wote wa msingi mbele ya vijana wake, ili nao wajue kwamba mkuu wao amelipwa. Zadok akapokea kwa mikono miwili, kisha akawageukia.

"Mmeona wenyewe. Kesho tofali!"

Wenye guta walikuwa wakisubiri kukirudisha kitanda Buzuruga. "Inuka basi twende," Najat alimhimiza.

"Chemsheni chai kwanza," alisema Bimdogo, akijinyoosha tena chini ya anga tupu. "Mnanifukuza nini? Niko kwangu."