Kompyuta ya Hamisi imeota barafu

Leo nimeipoza kompyuta kwa gesi ya friji. Chanika nzima fundi ni mie!

Mashine ya braza Hamisi, mhariri wa video, ilikuwa inachemka na kujizima, na video ya harusi inatakiwa leoleo, bibi harusi anasafiri.

Kile kibati cha shaba kinachopitisha maji ya kupoza prosesa, nikakiunga na kompresa ya friji, nikapitisha gesi badala ya maji.

Kikaota barafu. Nikatamba mpaka majirani wakaja.

Kumbe hewa yetu hii ina unyevu, kibati kikatoa jasho, tone la kwanza likaning'inia juu ya bodi.

Hamisi akapiga kelele: "Fundi, nilikuomba ubaridi, sio mvua!"

Tukazima mbio, Hamisi akakausha kwa kitambaa, nikakivisha kibati sponji ya mabomba ya AC ili hewa isikiguse.

Video imetoka, bibi harusi kaondoka nayo. Hamisi kanishukuru sana, ila kitambaa hajakiachia mpaka sasa.

Nani mwingine kompyuta inamchemkia?